Somo Kwanza, Mashine Baadaye: Historia ya BBC Micro

Machi 1978, katika mfululizo wake wa vipindi vya sayansi uitwao Horizon, BBC ilirusha filamu iliyowakosesha usingizi Waingereza wengi. Jina lake lilikuwa Now the Chips Are Down. Ilionyesha chipu ya silikoni, kitu kinachokaa juu ya ncha ya kidole, kisha ikaonyesha kazi ambazo kitu hicho kingeweza kuzifanya bila kuchoka wala kudai mshahara. Uingereza ya wakati ule ilikuwa tayari katika hali ngumu. Viwanda vikongwe vilikuwa vikifungwa, vyama vya wafanyakazi vilikuwa katika mvutano na serikali, na sasa watu walikuwa wanaambiwa wajiandae kwa mtikisiko mwingine. Swali likawa midomoni mwa wengi: mashine hizi zikishafika, nani atakuwa anazielewa?

Wakati ule walioelewa walikuwa wachache mno. Kompyuta ilikuwa mali ya benki, vyuo vikuu, majeshi na idara za serikali. Mwananchi wa kawaida alikuwa akipata bili iliyochapishwa na kompyuta, lakini kompyuta yenyewe hakuwahi kuiona.

Ndani ya BBC, swali hilo liliangukia idara ya elimu kwa watu wazima. Wasomaji wetu wengi wanaijua BBC kwa Idhaa yake ya Kiswahili, iliyoanza kusikika mwaka 1957. Kwa Waingereza wenyewe shirika hilo lilikuwa pia mwalimu wa taifa. Mwaka 1975 lilikuwa limeanza kampeni ya kisomo kwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, kwa kutumia televisheni kuwafikia watu ambao wasingethubutu kurudi darasani. Idara ikaona kuna aina nyingine ya kisomo inayohitajika. Watayarishaji wawili wa vipindi, David Allen na Robert Albury, wakachunguza jinsi nchi nyingine zilivyokuwa zikijiandaa, na kazi hiyo ikazaa Mradi wa Kisomo cha Kompyuta.

Msimamo wao ulikuwa mmoja na ulikuwa mzito: mtu haelewi kompyuta kwa kumtazama mwingine akiitumia. Sharti aiguse, aiamuru, aikosee, kisha arekebishe kosa lake kwa mkono wake. Vipindi vya televisheni peke yake visingetosha. Palihitajika kitabu, kozi, na mashine ambayo mtazamaji angekuwa nayo mezani wakati kipindi kinaendelea.

Hapo walikutana na kikwazo. Kompyuta za nyumbani zilizoanza kuuzwa zilitumia BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasio wa sayansi waweze kutumia kompyuta. Tatizo ni kwamba kila kampuni ilikuwa na BASIC yake. Amri iliyokubaliwa na mashine moja ilikataliwa na nyingine. Mwalimu wa televisheni angesimama mbele ya mamilioni ya watu na kuwaambia waandike nini?

BBC ikafanya uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ndio kiini cha historia hii yote. Iliandika kwanza kile ambacho mwananchi anapaswa kujifunza, kisha kutokana na somo hilo ikaandika sifa za mashine. Kibodi iwe ya kuandikia kwa kweli. Mashine iweze kuonyesha maandishi, picha na rangi, na iweze kutoa sauti. Iweze kupanuliwa na kuunganishwa na vifaa vya nje. BASIC yake imzoeshe mwanafunzi kupanga mawazo yake kwa utaratibu. Baada ya hapo ndipo wakaanza kumtafuta mtengenezaji.

Wa kwanza kufikiriwa alikuwa Newbury Laboratories, kampuni iliyokuwa na uhusiano na serikali, kwa kompyuta yake iitwayo NewBrain. Newbury ilishindwa kuitoa kwa wakati. Vipindi vilivyotarajiwa kuanza mwaka 1981 vikasogezwa hadi Januari 1982, na BBC ikafungua mlango kwa kampuni nyingine. Miongoni mwa waliobisha hodi alikuwamo Clive Sinclair, mvumbuzi maarufu aliyeamini kwamba kazi hiyo ni haki yake. Alikuwamo pia mtu aliyefanya kazi chini ya Sinclair kwa miaka mingi, kisha akaondoka na kuanzisha kampuni yake.

Wiki moja Cambridge

Mtu huyo ni Chris Curry. Mwishoni mwa mwaka 1978 aliungana na Hermann Hauser, Mwaustria aliyezaliwa Vienna na kusomea udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, wakaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Acorn. Mtaji wao mkubwa ulikuwa vijana waliokuwa wakizagaa chuoni wakiunda kompyuta kwa mapenzi tu. Wawili kati yao wanastahili kukumbukwa kwa majina. Sophie Wilson alikuwa mwanafunzi ambaye wakati wa likizo aliwahi kubuni mtambo wa kielektroniki wa kulishia ng'ombe. Steve Furber alikuwa mwanahisabati aliyehamia kwenye utafiti wa mwendo wa hewa, na mmoja wa wanachama wa klabu ya chuo ya waunda kompyuta.

Kazi za mwanzo za kampuni hazikuwa na utukufu wowote. Acorn ilitengeneza vidhibiti vya mashine za kamari, na vijana hao walilazimika kutafuta dawa ya wajanja waliogundua kwamba cheche ya kiberiti cha gesi karibu na mashine ingeweza kuifanya iteme pesa. Baadaye zilikuja kompyuta ndogo za kujiundia, halafu Acorn Atom mwaka 1980. BBC ilipoanza kutafuta mtengenezaji, Wilson na Furber walikuwa wanabishana juu ya kompyuta itakayofuata, iliyopewa jina la Proton. Hata bodi yake haikuwapo. Ilikuwa kwenye karatasi tu, na hata hizo karatasi hazikuwa zimekamilika.

Mapema mwaka 1981 BBC ikaarifu kwamba itafika Ijumaa kuona mashine. Jumapili jioni Hauser akampigia simu Wilson kumuuliza kama mfano wa kwanza unaweza kujengwa ndani ya wiki moja. Wilson akajibu kwamba haiwezekani. Hauser akamwambia kwamba Furber anasema inawezekana. Kisha akampigia Furber na kumwambia kwamba Wilson anasema inawezekana. Kila mmoja akakubali asimwangushe mwenzake, na hila hiyo ndogo ikawa mwanzo wa siku tano ambazo Waingereza wanaopenda kompyuta wanazisimulia mpaka leo.

Siku za mwanzo wa wiki zilikwenda kwenye michoro. Halafu ikaja kazi ya kuunganisha. Kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuchapisha bodi ya saketi, kila mguu wa kila chipu uliunganishwa na mwingine kwa waya mwembamba uliozungushwa kwa mkono, waya baada ya waya, mpaka bodi ikafunikwa. Fundi Ram Banerjee, aliyesifika kwa kasi yake ya kuunganisha nyaya, ndiye aliyebeba mzigo huo. Usiku wa kuamkia Ijumaa bodi ilikuwa imekamilika, lakini ilikataa kufanya kazi. Walipima, wakakagua, wakapima tena. Asubuhi ilipofika, Hauser, ambaye hakuwa mbunifu wa mashine ile, akashauri waukate waya ulioiunganisha bodi na kompyuta waliyoitumia kuipima, waiache isimame yenyewe. Wakaukata, na mashine ikaamka.

Zilikuwa zimebaki saa chache tu. Wilson akaanza kuhamishia BASIC kwenye bodi ile, na wageni walipowasili kazi ilikuwa bado inaendelea. Siku hiyohiyo wakaiona mashine ikifanya kazi mbele ya macho yao. Acorn ikapata mkataba, na Proton ikapewa jina jipya: BBC Microcomputer. Watumiaji waliifupisha wakaiita Beeb.

Kilichokuwa ndani

Mashine iliyotoka Desemba 1981 ilikuwa sanduku la plastiki la rangi ya krimu, lenye kibodi nyeusi na vitufe 10 vyekundu vilivyopangwa mstari mmoja juu. Ndani kulikuwa na prosesa ya 6502 ya biti nane, iliyokwenda kwa megahezi 2, kasi iliyokuwa mara mbili ya ile ya kompyuta nyingi za aina yake. Modeli A ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na Modeli B kilobaiti 32. Simu janja ya kawaida yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu mara zaidi ya 130,000 ya ile ya Modeli B.

Ukiiwasha ilitoa milio miwili, mmoja mzito na mmoja mwembamba. Kwenye skrini ya televisheni yalitokea maneno "BBC Computer 32K", chini yake neno "BASIC", na chini kabisa alama ya > yenye kistari kinachopepesa. Basi. Hapakuwa na picha za kubonyeza wala orodha ya kuchagua. Mashine ilikuwa inamsubiri mtu aseme anataka nini, na mtoto wa miaka 10 angeweza kuandika:

10 PRINT "KARIBU"
20 GOTO 10

Akiandika RUN na kubonyeza kitufe cha kuingiza, neno lake lilishuka skrini nzima bila kukoma mpaka abonyeze ESCAPE, na hapo mashine ilimwambia imekatishwa kwenye mstari wa ngapi. Mistari hii miwili mifupi, wa kuandika na wa kurudia, imewafungulia mlango wahandisi wengi waliokuja kuwa na majina makubwa. Mtoto alijifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba mashine inatii, na kwamba inatii neno kwa neno, hata pale neno lako lilipokosewa.

Hapo ndipo kazi ya Wilson ilipoonekana. BASIC ya mashine nyingine iliwalazimisha watu kurukaruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine mpaka programu ikawa haisomeki hata na mwenyewe aliyeiandika. BASIC ya Wilson ilimruhusu mtu kuikata kazi yake katika vipande, kila kipande akakipa jina, kisha akakiita kwa jina hilo kila kilipohitajika. Aliyetaka kwenda chini zaidi aliweza kuandika lugha ya prosesa yenyewe katikati ya programu ileile ya BASIC, bila kununua kitu kingine chochote. Kutoka mstari wa kwanza wa mtoto hadi kazi ya mhandisi, njia ilikuwa moja na haikuwa na lango la kulipia.

Uhaba wa kumbukumbu nao ulikuwa mwalimu mkali. Skrini yenye rangi nyingi zaidi ilichukua kilobaiti 20 kati ya 32. Ukiondoa na sehemu ambayo mashine yenyewe iliihitaji kwa shughuli zake, mwandishi wa programu alibakiwa na takriban kilobaiti 8 na nusu. Akiona hazimtoshi, alichagua skrini ya maandishi ya mtindo wa Ceefax, huduma ya BBC ya kurusha kurasa za habari kwenye televisheni, iliyotumia kilobaiti moja tu. Kila programu ilikuwa mapatano kati ya uzuri na nafasi, na kila aliyeandika alijua kumbukumbu yake imekwenda wapi, baiti kwa baiti.

Nyuma ya sanduku na chini yake kulikuwa na safu ya matundu ya kuunganishia vifaa: kaseti, diski, printa, vifaa vya kupimia joto na mwanga, roboti ndogo za kuchora sakafuni, na mtandao wa kuziunganisha kompyuta za darasa zima. Tundu mojawapo liliitwa Tube. Kazi yake ilikuwa kuunganisha prosesa ya pili, yoyote ile, na kuiachia BBC Micro kazi ya kibodi na skrini. Wengi hawakulitumia kamwe. Miaka michache baadaye tundu hilo ndilo lililoipitisha Acorn kwenye historia mpya.

Darasani na sebuleni

Kipindi cha kwanza cha The Computer Programme kilirushwa tarehe 11 Januari 1982. Chris Serle alikuwa mtangazaji anayeuliza kwa niaba ya mtu asiyejua kitu, na Ian McNaught-Davis akawa anayejibu. Walizungumza kwa upole, bila kumtisha mtu. Tatizo lilikuwa upande wa mashine zenyewe. BBC na Acorn walikuwa wamekadiria kwamba zingeuzwa kama 12,000. Maagizo yakafurika, baadhi ya chipu zikasumbua viwandani, vipoza umeme vya mwanzo vikapata joto kupita kiasi, na maelfu ya wateja wakasubiri kwa miezi. Hatimaye zaidi ya mashine milioni moja ziliuzwa.

Bei haikuwa ya kila mtu. Modeli B ilitangazwa kwa pauni 335, na muda si mrefu ikapanda hadi 399. Sinclair, aliyekuwa na uchungu wa kunyimwa mkataba, alijibu kwa kutoa ZX Spectrum Aprili 1982 kwa pauni 125 tu. Ndivyo taifa lilivyogawanyika: nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na Spectrum, na shule zilikuwa na BBC Micro. Ushindani huo uliwafikisha wakubwa wenyewe kwenye kushikana mashati. Desemba 1984, katika baa moja ya Cambridge, Sinclair alimpiga Curry kwa gazeti lililokunjwa kwa sababu ya tangazo la Acorn lililodai kompyuta za Sinclair haziaminiki.

Kilichoipeleka BBC Micro kwa watoto wasio na pauni 399 kilikuwa uamuzi wa serikali. Mwaka 1981, chini ya waziri Kenneth Baker, serikali ya Margaret Thatcher ilianzisha mpango wa kulipia nusu ya bei ya kompyuta kwa kila shule ya sekondari, na mwaka uliofuata ukafika shule za msingi. Shule zilipewa orodha fupi ya mashine za Kiingereza za kuchagua, na nyingi zikachagua BBC Micro. Ikawa kawaida kuiona ikisukumwa kwenye meza ya magurudumu kutoka darasa moja hadi jingine, maana mara nyingi ilikuwa moja kwa shule nzima. Walimu wengi walikuwa wanajifunza siku hiyohiyo wanayofundisha, na wanafunzi wao waliwatangulia. Kwa vile televisheni, kitabu na mashine vilisema lugha moja, mwalimu hakuwa peke yake.

Somo lilivuka hata mipaka. India ilianzisha mpango wake wa kisomo cha kompyuta mashuleni mwaka 1984, ikatumia BBC Micro, na kampuni yake ya serikali ya SCL ikatoa toleo la nchini.

Mashine iliyokuwa wazi kiasi hicho haikukosa watu wa kuifikisha mwisho wa uwezo wake. Septemba 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo wa Elite. Mchezaji alikuwa mfanyabiashara wa angani anayesafiri katika galaksi nane, kila moja ikiwa na sayari 256, kila sayari na jina lake, uchumi wake na serikali yake. Yote hayo yasingeweza kuhifadhiwa katika kilobaiti 32, kwa hiyo hawakuyahifadhi. Waliandika kanuni fupi ya hesabu inayoanza na namba chache na kuzizalisha sayari zote upya, kwa mpangilio uleule, kila zilipohitajika. Hata skrini waliigawa sehemu mbili kwa kuibadilisha hali yake katikati ya kila mchoro: juu picha safi isiyo na rangi, chini vipimo vya chombo vyenye rangi. Mbinu kama hizo huja kwa mtu anayeijua mashine yake hadi kwenye mifupa.

Anguko na chipu mpya

Biashara ya kompyuta za nyumbani ilipanda haraka na ikaanguka haraka. Acorn ilitoa toleo la bei nafuu, Electron, mwaka 1983 kwa pauni 199, lakini ugavi wa chipu moja muhimu ukaikwamisha na ikaikosa Krismasi ya mwaka huo, wakati wateja walikuwa wamepanga foleni. Ikaagiza kwa wingi kwa ajili ya mwaka uliofuata. Ulipofika, wateja walikuwa wamekwisha kununua kwingine, na maghala yakabaki na takriban Electron 250,000 zisizo na mnunuzi. Jaribio la kuingia soko la Marekani nalo lilikula fedha nyingi bila kuzaa matunda. Mapema mwaka 1985 Acorn ikawa hoi, na kampuni ya Kiitalia ya Olivetti ikanunua karibu nusu ya hisa zake, kisha baadaye mwaka huohuo ikachukua sehemu kubwa zaidi.

Wakati mahesabu yakiwa mekundu, ndani ya jengo lilelile kulikuwa na kazi iliyokuwa inaendelea kimyakimya tangu Oktoba 1983. Wilson na Furber walikuwa wanatafuta prosesa ya kizazi kijacho, na zote walizozipima hazikuwaridhisha. Walikuwa wamesoma maandishi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley kuhusu prosesa zenye amri chache na nyepesi. Walisafiri pia hadi Arizona kuitembelea kampuni ya Bill Mensch, mmoja wa wabunifu wa 6502, wakitegemea kukuta jumba la wahandisi. Walikuta nyumba ya kawaida na kikundi kidogo cha watu. Walirudi na wazo moja kichwani: kama hawa wanaweza kubuni prosesa, na sisi tunaweza.

Wilson alibuni amri za prosesa mpya na kuziiga kwenye BBC Micro, kwa BASIC aliyoiandika mwenyewe. Furber alibuni muundo wa ndani, na mfano wake wa kuupimia muundo huo ulikuwa programu ya BBC BASIC yenye mistari 808. Kwa maneno mengine, chombo cha kufundishia watoto wa shule ndicho kilichobuni prosesa mpya. Chipu za kwanza ziliwasili kutoka kiwandani tarehe 26 Aprili 1985. Zikachomekwa kwenye bodi iliyounganishwa na BBC Micro kupitia tundu la Tube, na zikafanya kazi siku hiyohiyo. Zilikuwa na transista takriban 25,000 tu. Prosesa hiyo iliitwa ARM.

Furber alitaka kupima chipu inakula umeme kiasi gani. Akaunganisha kipimo kwenye waya wa umeme, mshale ukasimama kwenye sifuri. Alipochunguza akagundua kwamba waya huo haukuwa umeungwa kabisa: chipu ilikuwa inafanya kazi kwa umeme mdogo uliovuja kutoka kwenye nyaya za ishara za vifaa vya jirani. Hakuna aliyekuwa amekusudia maajabu hayo. Walilenga isizidi wati moja ili iweze kufungwa kwenye plastiki ya bei rahisi, na kwa kuwa hawakuwa na vifaa vizuri vya kukadiria, walibana kila mahali. Ikatoka na matumizi ya takriban sehemu ya kumi ya wati.

Ubahili huo ndio ulioishi kuliko Acorn yenyewe. Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology waliunda kampuni mpya ya ARM, iliyoanza na watu 12 katika ghala la zamani la shamba, kijijini karibu na Cambridge. Haikutengeneza chipu hata moja. Iliuza haki ya kutumia michoro yake. Simu ya mkononi ilipohitaji prosesa isiyomaliza betri, jibu lilikuwa tayari. Nokia 6110 iliyotangazwa mwaka 1997 ilikuwa miongoni mwa simu za kwanza zilizoitumia. Mpaka sasa zimetengenezwa chipu zaidi ya bilioni 250 zenye michoro ya ARM, na karibu kila simu janja inayotumiwa kutuma pesa Mwanza, Mombasa au Bukavu inaendeshwa na kizazi cha prosesa iliyoigwa kwanza kwenye BBC Micro.

Kilichobaki kufundishwa

Mafanikio hayo yana upande mwingine. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, kitabu cha kale kilichoorodhesha ardhi na mali za Uingereza, BBC na wenzake waliwaalika wananchi, wengi wao watoto wa shule, kuandika maisha ya maeneo yao. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki. Kazi yao iliwekwa kwenye diski za leza zilizosomwa na BBC Master, mrithi wa BBC Micro. Ndani ya miaka 16 wasomi walikuwa wanahangaika kuokoa maandishi hayo kwa sababu mashine za kuyasoma zilikuwa zinatoweka, ilhali kitabu cha mwaka 1086 bado kilisomeka. Tarakimu hazitunzwi na mashine. Zinatunzwa na watu wanaoelewa jinsi mashine ilivyozihifadhi.

Uelewa huo ulianza kupungua hata Cambridge kwenyewe. Katika miaka ya 2000 Eben Upton na wenzake waliona kwamba vijana waliokuja kuomba nafasi ya kusomea kompyuta walikuwa wachache, na waliokuja walikuwa wamezitumia kompyuta maisha yao yote bila kuwahi kuzifungua. Mashine za nyumbani zilikuwa zimekuwa zana za kutazamia na kuchezea. Jibu lao lilikuwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye prosesa ya ARM, iliyotoka Februari 2012. Matoleo yake waliyaita Modeli A na Modeli B kwa heshima ya BBC Micro. Mwaka 2016 BBC nayo ilirudi kwenye kazi yake ya zamani, ikagawa bure takriban vifaa milioni moja vya micro:bit kwa watoto wa miaka 11 na 12.

Huku kwetu vifaa vimeingia mashuleni kwa njia nyingine. Kenya iliahidi kompyuta kwa wanaoanza shule ya msingi mwaka 2013, na kuanzia 2016 ikagawa vishikwambi. Tanzania, baada ya Sensa ya 2022, iliwapelekea walimu vishikwambi vilivyokuwa vimetumiwa na makarani. Hizi ni hatua njema, na mwanafunzi anayegusa skrini ni bora kuliko asiyeigusa. Hata hivyo mijadala yetu huanza na kifaa: ni ngapi, kwa bei gani, nani atashinda zabuni, vitalindwaje visiibwe. Swali la mtoto atajua kufanya nini akimaliza mwaka huja mwishoni, na mara nyingine halifiki.

BBC ililiuliza kwanza. Ndiyo maana mashine ya kilobaiti 32, iliyojengwa kwa nyaya za mkono ndani ya siku tano, ilizaa wabunifu wa prosesa badala ya kuzaa wateja tu. Tunao tayari walimu wanaojitolea, redio zinazosikika hadi vijijini, na vijana wanaojifunza kuandika programu kwenye simu zilizopasuka vioo. Kinachohitajika ni wizara, mashirika ya utangazaji na vyuo vyetu kukaa pamoja na kuandika somo, kwa Kiswahili, lenye lengo ambalo mzazi anaweza kulipima: kwamba mtoto wa darasa la saba ataweza kuiamuru mashine ifanye kitu alichokibuni mwenyewe, na ikikosea ataweza kueleza kwa nini. Likishaandikwa hilo, kifaa kinachofaa kitajulikana, na huenda kikawa cha bei ndogo kuliko tunavyodhani.